Dropshoti kwenye mawe ya Goma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nikikaa kwenye mawe ya Himbi hapa Goma, kando ya Ziwa Kivu, na fimbo yangu ya kuvulia, hazipiti dakika kumi mtu hajasimama nyuma yangu na kuuliza: "Yaya (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu), mbona jiwe liko chini na ndoano iko juu?" Nimechoka kujibu huku samaki anadonoa, basi majibu ni haya. Anayejua tayari kufunga fundo aruke hadi sehemu ya mawe. Huko ndiko sisi watu wa Goma tuna la kusema kuliko wengine.

## Mambo ya mwanzo

Dropshoti ni nini?

Ni namna ya kufunga mshipi ambapo uzito unakaa mwisho kabisa wa uzi, na ndoano inafungwa juu yake, kwa kawaida sentimita 20 hadi 40. Mshipi tuliofundishwa utotoni ni kinyume chake: uzito uko juu, ndoano inalala chini pamoja na chambo, ndani ya matope au katikati ya mawe. Kwenye dropshoti uzito ndio unaolala. Chambo kinabaki juu, mbele ya macho ya samaki, na unaweza kukichezesha pale pale bila kukiondoa mahali pake.

Ilitoka wapi?

Wavuvi wa Japani ndio walioikuza, na katika miaka ya 1990 ikashika Marekani, hasa California. Walikuwa wakimtafuta besi, samaki mwindaji ambaye jina lake la kisayansi ni *Micropterus*. Kwenye maji maangavu na yenye kina, hasa pale wavuvi wanapopita kila siku, besi huwa mjanja: anakaa juu kidogo ya sakafu ya ziwa, anakiangalia chambo kinachopita mbio, anakiacha kiende. Chambo kidogo kinachotetemeka mahali pamoja bila kukimbia kinamshinda. Hiyo ndiyo siri yote ya mtindo huu.

Ziwa Kivu lina besi?

Hapana. Usimwamini anayekuambia alimpata Kituku, bandari yetu ya hapa Goma. Besi wanaojulikana zaidi ukanda huu wako Naivasha, Kenya, ambako walipandwa mwishoni mwa miaka ya 1920 wakitoka Marekani.

Kivu ni ziwa maskini wa aina za samaki ukililinganisha na Tanganyika. Lakini tabia tunayoihitaji ipo. Samaki wadogo wa kwenye mawe wa jamii ya *Haplochromis* wanakaa hivyo hivyo, karibu na sakafu, wakichungulia kutoka kwenye nyufa, na wengine kati yao wanakula samaki wenzao. Tilapia nao hukaribia ukiwawekea chambo wanachokipenda. Kambare huja jioni, na akija utajua.

Na sambaza?

Sambaza, yule dagaa wetu mdogo, muache. Anakula vijidudu vinavyoelea majini, hana haja na nyungunyungu wako. Yeye ni wa usiku, taa na nyavu, kazi ya wale wanaofunga mitumbwi mitatu pamoja na kupiga makasia kwa wimbo. Hata yeye ni mgeni hapa: aliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Kwangu mimi sambaza ni chambo, na yule anayebaki ni mboga.

## Kufunga

Nahitaji vifaa gani?

Fimbo nyepesi yenye ncha laini, mulineti ndogo (kile kigurudumu cha kukunjia uzi), nailo inayohimili kilo 3 au 4, ndoano ndogo nyembamba za namba 6 hadi 10, na kitu chochote kizito. Wanaovua besi hutumia ndoano kubwa zaidi, namba 1 au 2 (namba ikishuka, ndoano inakua), lakini samaki wetu wa kwenye mawe wana midomo midogo. Kama una uwezo wa kununua uzi wa kusuka kwa ajili ya mulineti, na mita mbili za fluorokaboni, uzi usioonekana sana majini, za kufunga mbele, nunua: uzi wa kusuka hauvutiki, kwa hiyo unasikia kila kitu. Kama huna, nailo ya kawaida inavua.

Kitu pekee ambacho nakukataza kukifanyia ubahili ni ndoano. Niliwahi kununua pakiti ya bei ya chini sokoni, ndoano hamsini, nikajiona mjanja. Kambare wa kwanza aliinyoosha moja ikawa sindano.

Sina fimbo wala mulineti. Ninaweza?

Unaweza, na kwenye mtumbwi mkono ni bora kuliko fimbo ya wasiwasi. Zungushia uzi kwenye chupa ya plastiki, uteremshe, upitishe juu ya kidole cha shahada. Kidole kinasikia jiwe, matope na mdomo wa samaki, kila kimoja kivyake. Kutoka ufukweni itakupa shida kurusha mbali, ila kwenye mawe yetu kina kinaanza karibu sana na miguu yako.

Fundo linafungwaje?

Linaitwa fundo la Palomar. Fuata polepole, mara ya kwanza ufanyie nyumbani mezani, usifanyie kwenye upepo.

Kunja uzi uwe mara mbili, acha mkia mrefu wa sentimita 60 au zaidi. Pitisha kile kitanzi kwenye tundu la ndoano. Sasa, uzi ukiwa bado mara mbili, funga fundo la kawaida kabisa, lile la kamba ya kiatu kabla ya kuweka ua, lakini usilikaze. Ndoano inaning'inia katikati. Chukua kitanzi, ivushe ndoano yote ndani yake, lowesha kwa mate, kisha vuta pande zote mbili taratibu mpaka likae.

Watu wengi wanaishia hapo, halafu wanalalamika kwamba ndoano inalala kando ya uzi kama mgonjwa. Bado hatua moja: chukua ule mkia mrefu, uurudishe kwenye tundu la ndoano ukitokea upande ncha inakotazama, ukiteremka. Vuta. Ndoano itasimama kando, imenyooka kutoka kwenye uzi, ncha ikitazama juu. Ikitazama chini, ulipitisha upande usio wake. Toa, rudia.

Mwisho wa mkia ndiko unakofunga uzito.

Kati ya ndoano na uzito niache umbali gani?

Anza na sentimita 30. Ukiona samaki wanadonoa lakini hawanasi, au unarudi na vipande vya majani, ongeza. Ukiwa kwenye mtumbwi, juu ya samaki kabisa, hata 20 zinatosha.

Kutoka ufukweni kuna hesabu ambayo watu wanaisahau. Ukirusha mbali uzi hausimami wima tena, unalala kwa mshazari, na ile ndoano yako ya sentimita 30 inakuwa karibu inagusa chini. Kwa hiyo kadiri unavyorusha mbali ndivyo unavyorefusha: 50, hata 60. Unavyozidi kuivuta karibu, chambo kinapanda chenyewe.

## Mawe

Kwa nini unasema inafaa Goma kuliko kwingine?

Kwa sababu ya makoro. Mji huu umekaa juu ya mawe hayo ya volkano, na mawe hayakomei kwenye ufukwe. Januari 2002 mto wa moto wa volkano ya Nyiragongo ulipita katikati ya mji hadi ukaingia ziwani. Chini ya maji kuna sakafu ya wembe na matundu, na kila tundu lina njaa ya ndoano.

Nilipoanza nilivua kwa mshipi wa kawaida. Asubuhi moja nilipoteza ndoano saba kabla jua halijapanda, samaki hata mmoja. Mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza mtumbwi wake pembeni akanitazama akacheka: "Mtoto wangu, wewe unalisha mawe."

Kwenye dropshoti kinachogusa mawe ni uzito peke yake. Ndoano iko juu, salama. Jiwe la chini likitaka kula, lile uzito, ambao haukukugharimu kitu. Jinsi ya kuufanya uwe wa bure, soma maswali yanayofuata.

Nitumie uzito gani?

Gramu 5 hadi 10 pakiwa shwari na maji mafupi, 10 hadi 20 kukiwa na upepo au kina. Kanuni yangu ni uzito mdogo kabisa unaoweza bado kuusikia ukigusa chini.

Nati chakavu kwa fundi wa pikipiki ni mali safi. Nati ya ufunguo wa 13 ina gramu kama 5. Funga mbili pamoja una 10. Mwachie fundi hela ya soda, atakuwekea kopo zima.

Lakini mimi natumia makoro yenyewe. Yatazame kwa karibu: yamejaa vitundu, alama za gesi iliyokuwa inatoka jiwe likiwa bado moto. Tafuta kipande cha ukubwa wa yai la kware chenye kitundu kinachotokea upande wa pili, pitisha uzi, funga. Hakuna haja ya kutoboa wala gundi. Kumbuka tu kwamba jiwe la matundu hupoteza karibu nusu ya uzito wake likiingia majini, wakati kipande cha chuma hupoteza kidogo sana. Jiwe la gramu 20 mkononi litakufanyia kazi ya 10 chini. Ukiliona ni jepesi kama mkaa, litupe, chukua lililoshikana zaidi.

Na risasi?

Kwanza, usiende dukani Goma ukasema kwa sauti kwamba unatafuta risasi. Sema uzito wa mshipi.

Pili, madini ya risasi ni sumu. Usiiume kwa meno kuifunga kwenye uzi kama wengi wanavyofanya, usimpe mtoto aichezee, na usiyeyushe betri ya gari kwenye mbabula (jiko la mkaa) ya nyumbani ili ujitengenezee. Moshi wake unaingia kwenye damu ya watoto. Kwa nini uchukue hatari hiyo wakati umekaa juu ya mlima wa mawe?

Uzito ukinasa nifanyeje?

Usivute kwa hasira. Legeza uzi kabisa, tingisha ncha ya fimbo mara chache. Mara nyingi jiwe linajitoa lenyewe. Likikataa, tembea hatua kumi upande mwingine, vuta kutokea huko.

Likikataa bado, ndipo unafurahia matayarisho yako. Usifunge uzito kwa nailo yenyewe. Acha mkia uishe na kitanzi kidogo, halafu unganisha jiwe kwa uzi wa fundi cherehani, ambao ni dhaifu kuliko nailo. Ukivuta kwa nguvu, uzi wa cherehani unakatika, jiwe linabaki kwa ndugu zake, ndoano na chambo vinarudi kwako. Uzi huo unachoka, basi ubadilishe kila baada ya saa mbili hivi.

## Kuvua kwenyewe

Natikisaje?

Hapa ndipo karibu kila mtu anakosea, na kosa ni moja: anatikisa uzito. Acha uzito uguse chini. Zungusha mulineti hadi uzi ukaribie kunyooka, ubaki na ulegevu mdogo tu. Sasa tetemesha ncha ya fimbo, kidogo, kama mtu anayepepea moto wa mkaa kwa kifuniko, hataki majivu yaruke. Unatikisa ule ulegevu. Chambo kinacheza, jiwe halisogei.

Kisha acha. Hesabu hadi kumi na tano. Samaki wengi wananasa wakati huu, sio wakati wa kutikisa. Vijana wanaona ni kupoteza muda. Waache.

Nitajuaje samaki ameshika?

Siku nyingine ni kugonga-gonga, unasikia mkononi. Siku nyingine ni uzito tu, kama mtu ametundika kitambaa kilicholowa kwenye uzi. Kwa vyovyote vile usirushe fimbo juu kwa nguvu. Ndoano ni nyembamba na ncha inatazama juu. Zungusha mulineti huku ukiinua taratibu, itaingia yenyewe. Ukikwanyua utaitoa mdomoni.

Chambo gani?

Wavuvi wa besi hutumia minyoo ya mpira, na ukiipata inafaa: ipitishe ndoano puani tu, mwili uning'inie. Kwetu nyungunyungu wa shambani anatosha. Mchome mara moja karibu na ncha moja, usimkunje-kunje akawa kifurushi, maana uzuri wake ni kujinyonganyonga. Kwa wanaokula wenzao, kipande cha sambaza kilichokatwa kwa mshazari, chembamba kama utepe. Kwa tilapia, bugali iliyokandwa ngumu na kubanwa ndogo. Hiyo usiitikise sana, itaanguka.

Pakiwa na majani mengi, ficha ncha ya ndoano ndani ya mnyoo wa mpira. Utakosa samaki wachache, utapumzika kunasa.

Niteremshe hadi mita ngapi?

Swali zuri, kwa sababu kwenye ziwa hili jibu ni la ajabu. Kivu lina kina cha mita 485 hivi pale penye kina zaidi, lakini samaki wako kwenye ngozi ya juu tu. Chini ya hapo hakuna oksijeni, maji yamejaa gesi, na hakuna samaki anayeweza kuishi. Mpaka wa hewa hupanda na kushuka: kiangazi, kuanzia Juni, upepo unachanganya maji na oksijeni inaweza kufika karibu mita 60, majira ya mvua mpaka huo unapanda juu zaidi.

Kwa hiyo ukiwa kwenye mtumbwi, umeteremsha mita 80 na unasubiri kwa subira, unasubiri bure. Mimi sivuki 25. Piga mafundo ya rangi kwenye uzi kila mita 5 uone.

Na kwenye ghuba ya Kabuno?

Huko ni mafupi zaidi. Kabuno, upande wa Sake, imejaa gesi ya kaboni na hewa inaishia kwenye mita 10 au 11 hivi. Vua kando, kwenye mita 3 hadi 8.

## Mambo ya pembeni

Uzito wangu unaweza kuamsha gesi ya ziwa?

Naulizwa hili kwa dhati kabisa, na sicheki, maana watu wamesikia habari za Ziwa Nyos kule Kamerun, ambako gesi iliua watu zaidi ya 1,700 mwaka 1986. Hapana. Gesi nyingi ya Kivu iko chini ya mita 250, imekandamizwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Jiwe la ukubwa wa yai haligusi hata mlango wa nyumba hiyo.

Basi hakuna gesi ya kuogopa?

Ipo, na iko nchi kavu. Ni mazuku. Hewa ya kaboni inatoka ardhini kwenye nyufa, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatiririka na kukaa kwenye mabonde na mashimo kama maji yasiyoonekana. Haina rangi wala harufu ya kukuonya. Ni mbaya zaidi usiku na alfajiri kabla ya upepo, yaani saa zile zile mvuvi anazozipenda. Upande wa Bulengo na Lac Vert wanajulikana kwa hilo, lakini usidhani ni huko tu.

Fikiria mvuvi anavyokaa: anachuchumaa, kwenye kishimo kilichokingwa upepo, saa mbili. Aliyesimama anaweza kuwa mzima na aliyechuchumaa kando yake akawa anakufa. Kaa juu ya jiwe lililoinuka, penye upepo. Usilale chini ufukweni. Ukiona mjusi au ndege amekufa kwenye shimo, usishuke kumwangalia, na mtoto na mbwa wasitangulie. Kichwa kikianza kuuma au pumzi kuwa fupi, panda juu mara moja, fimbo iache. Ukimwona mtu ameanguka shimoni, usimfuate bila kufikiri. Ita watu, tafuta kamba. Waliokufa wakiokoa ni wengi.

Uzi wangu unajisokota kila mara.

Chambo kinazunguka kikipanda. Pandisha polepole. Ikiendelea, weka kichuma kidogo cha kuzunguka nusu mita juu ya ndoano.

Nimrudishe samaki mdogo?

Ndiyo, ukimtoa kwenye maji mafupi: lowesha mikono, mtoe ndoano, mwachie. Lakini aliyepandishwa haraka kutoka zaidi ya mita 10 mara nyingi tumbo limevimba na macho yametoka, kwa sababu kile kifuko chake cha hewa kimetanuka. Huyo hatazama, atachukuliwa na ndege. Kama unapata wadogo tu kwenye kina, hama. Na wakati uvuvi umefungwa ili samaki wazae, funga nawe. Mshipi mmoja nao ni uvuvi.

Mvua ikija?

Fimbo ya kaboni inapitisha umeme. Ukisikia ngurumo, ilaze chini na uondoke majini. Kwenye mtumbwi vaa jile la kuokolea, hata kama unajua kuogelea, hata kama ni hapo karibu. Ile boti iliyozama Oktoba 2024 ilikuwa inaiona Kituku.

Naweza kwenda na mtumbwi mpaka upande wa Gisenyi, Rwanda?

Majini hakuna kizuizi unachokiona, ila mpaka upo na una walinzi. Baki huku.

Yaya, naomba kuazima fimbo yako dakika moja.

Hapana. Lakini jiwe nitakupa, hata mawili, na nati kama hujaridhika.